Tusishushe Gia Boksi Kabla ya Kutazama Mafuta

Mwalimu anayeandaliwa chuoni hufundishwa mambo mengi kuhusu utoaji wa somo: azimio la kazi, andalio la somo, zana, maswali na tathmini. Hafundishwi vya kutosha namna ya kutafuta palipoharibika pindi somo linapokwama. Matokeo yake tunayaona kila tunapokagua mazoezi ya kufundisha. Nusu ya darasa imekosa hesabu moja. Mwalimu anafuta ubao na kuanza upya tangu mwanzo, kwa maneno yale yale, ila kwa sauti kubwa zaidi. Hakuuliza uzi umekatikia wapi. Amechukulia kwamba somo zima limeharibika, au, vibaya zaidi, kwamba watoto wenyewe ndio wabovu.

Katika makala haya tunakusudia kutetea jambo moja. Uchunguzi wa hitilafu ni stadi yenye utaratibu wake. Stadi hiyo hufundishika. Na mahali pazuri pa kujifunzia ni gereji. Mfano wetu ni klachi ya Land Rover kuukuu. Tunaamini mwanachuo akiuelewa vema mfano huu atapata vitu viwili kwa mpigo: somo zuri la sayansi la kuwafundisha watoto, na kipimo cha kazi yake mwenyewe.

Kwa nini klachi, na kwa nini Masumbwe

Masumbwe ni mji mdogo ulio kwenye barabara kuu itokayo Kahama kwenda Ushirombo. Tangu 2012 umo katika Wilaya ya Mbogwe, Mkoa wa Geita. Kabla ya hapo ulihesabiwa katika Mkoa wa Shinyanga. Malori ya safari ndefu hupita hapo usiku na mchana, na wachimbaji wadogo wa dhahabu wako pande nyingi za wilaya. Mtoto wa huko hukua akisikia karasha zikiponda mawe na pampu zikivuta maji mashimoni. Huijua spana kabla ya kuijua pembetatu. Lakini aingiapo darasani huambiwa kwamba mashine ni wenzo, roda na mteremko vilivyochorwa kitabuni, kana kwamba yale ayaonayo njiani si mashine.

Land Rover ni gari lenye historia nchini mwetu. Lilianza kuundwa Uingereza mwaka 1948, na aina iitwayo Series IIA, ambayo ndiyo tunayoizungumzia hapa, iliundwa kati ya 1961 na 1971, yaani muongo wa kwanza wa Uhuru wetu. Mabwana shamba, waganga, wamisionari na wakaguzi wa shule waliyafikia mengi ya maeneo ya ndani kwa magari ya namna hiyo. Yaliyosalia bado hupendwa. Mwezi Oktoba 2024 wenye Land Rover walikusanyika Arusha kwa tamasha la magari hayo. Kwa mwalimu, sifa yake kubwa ni kwamba halina kompyuta. Sehemu zake hufunguliwa kwa spana, na hitilafu yake hujieleza kwa dalili ambazo jicho, sikio, pua na mguu vinaweza kuzitambua.

Klachi hufanya kazi gani

Injini iliyowashwa haina budi kuzunguka wakati wote, lakini magurudumu hayatakiwi kuzunguka wakati wote. Kwa hiyo kati ya injini na gia boksi pamewekwa sahani iliyovikwa lainingi pande zote mbili. Springi zenye nguvu huibana sahani hiyo kwenye gurudumu zito la injini, ambalo mafundi huliita flaiwili, na vyote viwili vikazunguka pamoja. Dereva akikanyaga pedali, springi husukumwa nyuma, sahani huachiliwa, na injini huzunguka peke yake. Hapo ndipo gia huweza kubadilishwa bila meno kusagana.

Amri ya mguu hufikaje kwenye springi? Katika Land Rover tunayoizungumzia hupelekwa na mafuta ya breki. Pedali husukuma pistoni ndani ya silinda ya juu. Mafuta hupita katika bomba na mpira mnene. Yakafika silinda ya chini, ambako pistoni ya pili husukuma fimbo, fimbo husukuma wenzo, na wenzo husukuma beringi inayobonyeza springi. Huu ni mnyororo. Pingu moja ikikatika, dereva hulalamika kwamba "klachi imekufa", hata kama klachi yenyewe ni nzima kabisa.

Mambo haya yote yaweza kuonyeshwa darasani bila gari. Chukua mbao mbili za duara, ubandike kwenye kila moja kipande cha mpira wa tyubu. Zungusha moja huku umeibana kwenye nyingine: zote mbili huzunguka. Legeza mkono: moja husimama. Paka mafuta kidogo juu ya mpira: utabana, na bado itateleza. Kisha chukua mabomba mawili ya sindano mapya yasiyo na sindano, moja jembamba na moja nene, uyaunganishe kwa mrija uliojaa maji. Sukuma jembamba, nene litatoka. Iwapo pistoni ya bomba jembamba ina eneo la sentimita 1 ya mraba na ya bomba nene sentimita 3 za mraba, basi ukisukuma ya kwanza sentimita 6, ya pili itasogea sentimita 2, lakini kwa nguvu mara tatu, tukiuacha msuguano kando. Baada ya hapo acha povu la hewa liingie katika mrija, usukume tena. Mtoto atahisi mwenyewe kwamba mkono unazama bila kazi kufanyika, kwa maana hewa hubanika na maji hayabaniki kwa urahisi. Hana haja ya kuambiwa kwa nini hewa ni adui wa klachi.

Malalamiko yasiyofanana

Kazi ya kwanza ya mchunguzi ni kukataa neno la jumla. "Klachi mbovu" si dalili; ni hukumu. Dalili zenyewe ni hizi:

(a) Klachi haiachii. Pedali imekanyagwa hadi mwisho, lakini gia inagoma kuingia au inasaga, hasa gia ya nyuma. Sahani bado inazungushwa na injini.

(b) Klachi inateleza. Gari linapanda mlima, injini inapiga kelele nyingi, lakini mwendo hauongezeki. Pengine harufu ya kuungua husikika. Sahani haibanwi vya kutosha, lainingi imekwisha, au imelowa oili.

(c) Klachi inatetemesha. Gari linaruka-ruka linapoanza kuondoka. Pengine sahani imelowa oili, pengine vishikizo vya injini vimelegea.

(d) Klachi inalia. Kelele ikisikika pedali ikanyagwapo na kunyamaza iachiliwapo, beringi ya klachi hutiliwa shaka kwanza. Kelele ikisikika pedali ikiwa imeachiliwa na kunyamaza ikanyagwapo, hutazamwa beringi ya mbele ya gia boksi.

Tazama kwamba (a) na (b) ni kinyume kimoja cha kingine. Katika moja sahani haitengani. Katika nyingine haishikani. Anayeyachanganya atanunua kifaa cha ugonjwa mwingine. Wahenga wamesema dalili ya mvua ni mawingu, lakini si kila wingu huleta mvua. Gia ya kwanza na ya pili za Series IIA hazina vifaa vya kulinganisha mwendo wa meno. Dereva mgeni akirudisha gia ya pili gari likiwa linakwenda, bila ya kukanyaga klachi mara mbili kama madereva wa zamani walivyozoea, itasaga hata kama klachi ni mpya. Huo si ugonjwa. Ndivyo gari lilivyoumbwa. Kipimo cha haki ni gari liwe limesimama, injini ikizunguka taratibu, pedali ikanyagwe, mtu ahesabu hadi kumi, ndipo aingize gia ya nyuma. Ikisaga hapo, klachi haiachii.

Kisa cha gari moja

Katika mazoezi ya kufundisha tulifika na wanachuo kadhaa kwenye gereji moja kando ya barabara huko Masumbwe. Palikuwa na Land Rover 109 ya Series IIA ambayo mwenyewe alikuwa ameambiwa na fundi mwingine kwamba sahani imekwisha, gia boksi ishushwe. Shauri hilo si dogo. Katika gari hili ili kuitoa gia boksi ni lazima kufungua sakafu na sanduku zima la viti, kisha kuinua chuma kizito ambacho mtu mmoja hakiwezi. Ni kazi ya siku nzima au zaidi, mbali na bei ya vifaa.

Fundi wa gereji hii hakugusa spana. Aliuliza maswali matatu. Gia zinasaga au injini inapaa bila mwendo? Zinasaga. Tatizo lilikuja ghafla au kidogo kidogo? Kidogo kidogo, tangu masika. Ukikanyaga pedali mara mbili au tatu kwa haraka, gia inaingia? Inaingia.

Jibu la mwisho lilikwisha gawanya tatizo. Sahani iliyokwisha haiponi kwa pedali kukanyagwa mara tatu. Lakini mnyororo wa mafuta wenye hewa, au wenye mpira uliochakaa, huongezeka nguvu kidogo kila pedali ikanyagwapo upesi. Ndipo alipofungua kifuniko cha kopo la mafuta: yalikuwa yamepungua, na meusi. Mafuta hayo hayaliwi na injini. Yakipungua bila mtu kuyachota, yanavuja mahali. Akatazama juu, chini ya pedali: pakavu. Akafuata bomba kwa kidole: kavu. Akalala chini ya gari, akavuta kifuniko cha mpira cha silinda ya chini: mafuta yakamtiririkia mkononi. Akamwomba mwanachuo mmoja akanyage pedali huku wengine wakitazama fimbo ya silinda. Ilisogea kidogo mno. Mwisho akatazama tundu lililo chini ya kasha la klachi, ambalo huachwa wazi ili oili ikivuja ndani ionekane. Lilikuwa kavu. Kwa hiyo hakukuwa na dalili ya oili iliyoifikia sahani.

Vipimo hivyo vyote vilichukua chini ya nusu saa, na havikugharimu senti. Silinda ya chini ilifunguliwa. Ndani ilikuwa imeliwa na kutu, kwa kuwa mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na yasipobadilishwa kwa miaka mingi maji yake huozesha chuma. Hapa fundi aliwafundisha wanachuo jambo jingine: kama ukuta wa silinda ungekuwa laini, mipira mipya ingetosha, kwa kuwa ulikuwa na vishimo, mipira mipya ingekatwa tena baada ya muda mfupi. Silinda nzima ikabadilishwa, pamoja na mpira mnene uliokuwa umelegea. Kisha hewa ikatolewa: mmoja anakanyaga pedali, wa pili anafungua nipeli, mafuta yenye mapovu yanatoka kwa mrija hadi kwenye chupa, nipeli inafungwa kabla pedali haijaachiliwa, na kopo halikosi kujazwa. Walirudia hadi mapovu yakaisha. Gari likasimamishwa, injini ikazunguka taratibu, wakahesabu hadi kumi, gia ya nyuma ikaingia bila sauti. Gia boksi haikuguswa.

Yafaa tutaje tahadhari ambazo mwalimu hana budi kuzijua kabla ya kuwapeleka watoto gereji. Gari lizuiwe kwa mawe magurudumuni. Mafuta ya breki ni sumu, nayo huharibu macho na rangi ya gari. Asitie mtu oili ya injini katika kopo la klachi, kwani huvimbisha mipira ya silinda na kuuharibu mfumo mzima. Aidha, lainingi nyingi za klachi za miaka hiyo zilikuwa na asbesto, ambayo vumbi lake hudhuru mapafu. Kasha la klachi likifunguliwa, watoto wasiwepo, wala vumbi lisipulizwe.

Kutoka gereji hadi darasani

Fundi huyu alifuata kanuni tatu. Kwanza, alitenganisha dalili na hukumu. Pili, alianza na vipimo vyepesi vya nje kabla ya vizito vya ndani. Tatu, kila kipimo chake kiligawanya njia mbili: jibu likiwa ndiyo twende huku, likiwa siyo twende kule. Kipimo kisichogawanya njia ni kupoteza wakati.

Sasa tumchukue mtoto wa Darasa la Nne aliyeandika kwamba 408 ukigawa kwa 4 ni 12. Mwalimu wa haraka atasema, "Huyu hajui kugawanya," na ataanza mada nzima upya. Huko ndiko kushusha gia boksi. Mwalimu mchunguzi ataanza nje. Asome tarakimu iliyo ubaoni. Akisoma "arobaini na nane", aisome ile ile akiwa karibu na ubao. Akiisoma sawasawa, shida yaweza kuwa macho, na dawa yake ya kwanza ni kumhamishia dawati la mbele na kuwaarifu wazazi. Aulizwe kwa maneno yake ni kitu gani anatakiwa kufanya. Mtoto anayezungumza Kisumbwa au Kisukuma nyumbani huenda amekwama kwenye neno, si kwenye hesabu. Agawe 8 kwa 4, kisha 48 kwa 4. Akiweza zote mbili, jedwali analijua. Agawe 400 kwa 4. Akiweza, basi hitilafu iko sehemu moja tu: hajui kwamba sifuri iliyo katikati hushika nafasi ya makumi. Dawa ni dakika kumi za vijiti na mafungu, si juma zima la kurudia mada.

Maswali haya hayazidi dakika tano. Tofauti yake ni kubwa. Mtoto anayeambiwa kila siku kwamba ni mzito huja kuamini. Katika maeneo ya machimbo hana haja ya kwenda mbali kutafuta mahali ambapo hataulizwa habari za sifuri. Sheria inakataza watoto kufanya kazi machimboni, lakini sheria peke yake haimrudishi darasani aliyekwisha kata tamaa. Gari lililochunguzwa vibaya humpotezea mwenyewe fedha. Mtoto aliyechunguzwa vibaya hupoteza shule.

Hoja za wanaopinga

Wengine watasema kwamba mambo ya magari ni ya VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya 1994, wala si ya shule ya msingi. Sisi hatutaki shule ya msingi itoe mafundi wa magari. Tunataka itoe watu wanaojua kutafuta chanzo cha jambo. Mwalimu Nyerere, alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967, alilaumu elimu inayomtenga mtoto na jamii yake na kumfanya aone kwamba maarifa yote hutoka vitabuni au kwa waliosoma. Tunaona kwamba gereji iliyo mita mia tatu kutoka shuleni na isiyotembelewa hata mara moja kwa mwaka ni ushahidi kwamba lawama hiyo haijaisha nguvu.

Wengine watasema hakuna gari. Tumekwisha onyesha kwamba mbao mbili, kipande cha tyubu na mabomba mawili ya sindano vinatosha. Baiskeli iliyokatika breki, redio iliyonyamaza, au pampu ya kisima isiyotoa maji vinaweza kuchunguzwa kwa kanuni zile zile tatu.

Wengine watasema wasichana hawatapenda. Siku ile aliyelala chini ya gari pamoja na fundi na kuhesabu mapovu alikuwa mwanachuo wa kike. Kinachowazuia wasichana kupenda ni mwalimu anayewaambia wasimame pembeni.

Iko hoja moja ambayo tunaikubali. Mtoto si gari. Gari hungoja; mtoto hukua huku tukimchunguza. Gari huweza kujaribiwa mara kumi bila aibu. Mtoto akijaribiwa mbele ya wenzake huumia. Kwa sababu hiyo maswali ya uchunguzi yaulizwe kwa upole, pembeni ya dawati lake, si kwa kusimamishwa mbele ya darasa. Lakini mwalimu ana bahati ambayo fundi hana: akimwuliza mtoto vizuri, mtoto atamjibu.

Shauri letu

Ndugu wanachuo, tunapendekeza kwamba katika mazoezi ya kufundisha yajayo kila mmoja wenu awe na daftari dogo lenye safu tatu: dalili, kipimo, tiba. Asiandike chochote katika safu ya tiba mpaka safu ya kipimo iwe na angalau vipimo viwili vinavyogawanya njia. Maneno "hajui", "mvivu" na "mzito" yasionekane katika safu ya dalili, kwa kuwa si dalili. Badala yake aandike alichokiona: ameandika 12 badala ya 102, amesoma "arobaini na nane", ameacha swali la tatu tupu.

Aidha, kila kikundi kitembelee gereji moja, au mahali pengine pa kazi, kwa ruhusa na kwa heshima, kimtazame fundi mmoja akitafuta hitilafu tangu malalamiko ya mwenye chombo hadi jaribio la mwisho. Msihesabu vifaa alivyobadilisha. Hesabuni maswali aliyouliza na vipimo alivyofanya kabla ya kushika spana ya kwanza, mviandike kwa utaratibu aliovifuata, kisha mje mtuonyeshe pamoja na madaftari yenu.